Rangi Aliyoilinda Mzee Leonardi

Mutaho, 14 Juni 2009

Mdogo wangu Emiliana,

Huku mlimani sote ni wazima. Mbuzi mmoja amekufa, lakini alikuwa mzee na mkorofi, hatukumlilia sana. Barua hii anakuletea Hamissi, fundi rangi wa Gitega. Mama yake yupo Muyinga mjini, na kila akienda kumwona anaweza kuteremka na baiskeli hadi kwako Buhinyuza. Mpe maji. Usimpe pombe, yeye ni Mwislamu safi.

Nakuandikia kwa Kiswahili kama kawaida yetu. Mwaka wa nne huu tangu turudi nyumbani, na Kirundi changu kwenye karatasi bado kinachechemea. Mkono huu ulifundishwa Tanzania, haujui kwamba tumevuka.

Sasa sikia habari: Eliud anaoa! Anamwoa Vumilia, binti wa mzee Leonardi wa Ryansoro. Ndiyo, Leonardi yule yule tuliyekuwa naye kambini. Walikutana wenyewe sokoni Gitega, mimi sikuulizwa mpaka mambo yameshaiva. Mahari imepokelewa. Misa ni tarehe 8 Agosti, na tarehe 29 ndugu zake wanakuja kwetu kwa gutwikurura, kuona binti yao amewekwa kwenye nyumba ya namna gani. Unawajua wageni wa siku hiyo, mdomo unakunywa na macho yanakagua.

Nyumba ya Eliud imesimama, matofali ya kuchoma na bati. Imebaki rangi ya sebule, na hapo ndipo mimi na wifi yako Efrazia hatuelewani. Yeye anataka buluu kwa sababu ipo. Ni yale madebe mawili niliyovuka nayo. Tangu siku ile nilimwambia nayaweka kwa ajili ya harusi ya Eliud, nikayapandisha darini. Sikujua mtoto atakua upesi hivi.

Mimi nataka krimu, ile inayofanana na maziwa ya ng'ombe aliyezaa jana. Hamissi yuko upande wangu. Alisema mbele ya Efrazia: "Mzee, mi nakwambia vérité, kweli kabisa, krem iko ya wakubwa. Ble iko ya shule. We unataka mugeni anaingia salo anafikiri iko mu klasi?" Nilicheka mpaka nikakohoa. Efrazia hakucheka. Alisema krimu ni ya kununua na buluu inalala bure darini, na mwanamume mwenye akili haachi kilicho ndani akatafute kilicho dukani.

Basi tumekubaliana uamue wewe. Efrazia anakuheshimu kuliko anavyoniheshimu mimi, na wewe ulikuwa mwalimu, unajua kinachofaa. Chagua kwa uhuru wako wote.

Lakini chagua krimu.

Kaka yako,
Bonifasi


Buhinyuza, 28 Juni 2009

Kaka Bonifasi,

Shikamoo. Hamissi alifika akiwa na vumbi hadi kwenye kope. Nimempa maji na viazi vitamu, akala vinne, akasema mama yake asijue.

Nimefurahi kwa ajili ya Eliud. Nimefurahi na nimeshtuka pia. Vumilia nilimfundisha darasa la tatu kule kambini, mwaka 1998. Alikaa benchi la mbele na alikuwa na mwandiko mzuri kuliko wangu.

Unaniuliza rangi. Kaka, ulimfikiria mzee Leonardi kabla ya kushika kalamu? Ngoja nikukumbushe kana kwamba umesahau. Mwaka 2004 wafadhili walileta madebe mawili ya rangi ya buluu kwa darasa langu. Kuta zilikuwa za udongo mtupu, na watoto walikuwa wanahesabu siku. Fundi alichelewa, kwa hiyo madebe yakafungiwa stoo. Funguo ilikuwa kwangu na mlinzi alikuwa Leonardi. Alikaa mlangoni siku kumi na moja. Siku ya kumi na mbili tulifungua, madebe hayapo, na kufuli halikuvunjwa.

Kamati ya shule ilinisimamisha mbele ya wazazi ikaniuliza kama kuna mtu mwingine aliyeshika funguo. Nilisema hakuna. Basi lawama ikamwangukia mlinzi. Alifukuzwa kazi, na watoto wakamwita Mzee Buluu mpaka siku tunapanda malori ya kurudi. Vumilia wakamwita Mtoto wa Buluu. Aliacha shule muhula mzima.

Sasa mzee huyo aje akae kwenye kiti cha heshima, anyanyue macho akutane na ukuta wa buluu? Hata kama hiyo yako ulinunua sokoni Kibondo, kama unavyosema. Paka krimu. Mwambie Efrazia nimesema mimi.

Usiniulize tena mambo ya rangi. Hapa bado wananiita Mwalimu, na mkurugenzi wa shule amekuja mara ya tatu kuniomba nifundishe. Nimemwambia Kifaransa changu hakitoshi. Ninalima maharage, na maharage hayaniulizi kitu.

Mdogo wako,
Emiliana


Mutaho, 9 Julai 2009

Mdogo wangu,

Asante kwa uamuzi wako. Ungefika mapema kidogo ungeniokoa.

Siku Hamissi alipoleta barua yako, niliisoma njiani na tukageuza palepale kwenda Gitega kununua krimu. Tulilala kwa ndugu yake. Kesho yake narudi Mutaho kwa baiskeli ya kukodi, ndoo yangu mpya begani, naimba, naingia kwa Eliud, nakuta Efrazia na wanawake watatu wa jirani wameshapaka ukuta mmoja na nusu. Buluu! Alitaka kunifurahisha. Alipanda darini mwenyewe na ngazi ya kuvunia parachichi.

Debe moja lilikuwa limekauka, huwezi hata kulichoma kisu. La pili lilikuwa na ngozi juu kama uji uliopoa. Wameitoa kwa kijiti, na chini yake rangi ilikuwa nzima kana kwamba imefungwa jana. Na ni nzuri, Emiliana. Hilo ndilo linaloniuma. Sebule imekuwa na ubaridi, mtu anaingia anashusha sauti bila kuambiwa.

Paskazia, yule tuliyekuwa naye kambini, alisimama mlangoni na brashi mkononi akasema, "Hii rangi nimeiona wapi?" Nikamwambia ameiona angani kama watu wote. Wanawake wakacheka. Mimi nilitoka nje nikajifanya natafuta mwiko.

Hamissi amejaribu kuifunika na krimu. Mkono wa kwanza wa rangi ulitoka kijani. Wa pili umetoka na rangi ya mgonjwa wa ini. Anasema, "Ble inakula krem, mzee. Hii ble iko na nguvu, si ya hapa. We uliipata wapi?" Nikamtuma akachote maji. Mpaka leo ukuta uko nusu hivi nusu vile. Eliud ananitazama tu, na macho yake ni ya marehemu baba yetu.

Naona haya, kweli. Ni haya kwa ajili ya Leonardi, kwamba ataona rangi inayofanana na ile. Ni hayo tu, hakuna zaidi.

Kaka yako,
Bonifasi


Buhinyuza, 19 Julai 2009

Kaka,

Barua hii naiandika Hamissi akiwa amekaa mbele yangu. Alikuja jana akanikuta nikiandika orodha ya wanakwaya. Akatazama mkono wangu muda mrefu, halafu akasema kwa upole, kama mtu anayekuonyesha pindo limefumuka: "Dada, hii mukono naijua. Iko kwenye kifuniko cha ile debe ya mzee, chini ya udongo, na rouge, nyekundu. SHULE, DARASA LA 3. Hii R yenye mukia iko yako."

Nilimwaga maji yake. Niliandika vifuniko vile mwenyewe siku rangi ilipofika, kwa wino mwekundu wa kusahihishia. Watoto walinishikia kibatari.

Lakini nisikudanganye kwamba nimejua jana. Mimi nimejua miaka mitano.

Siku ile ya kamati wewe ulikaa benchi la mwisho na wazazi wengine. Ulikuwa unakwangua ukucha wa kidole gumba na njiti ya kibiriti. Nilikuona. Buluu iliyovuja kwenye kifuniko ilikuwa imeingia chini ya ukucha na haitoki. Na siku mbili kabla, mvua ilipokuwa inanyesha, nani alikuja kwangu kuomba funguo ya stoo alaze baiskeli yake pakavu? Nilikupa mkononi. Ukanirudishia asubuhi ukaniambia Mungu anibariki.

Kwa hiyo kamati iliponiuliza kama kuna mwingine aliyeshika funguo, nilikuwa nakutazama wewe. Nikajibu: hakuna mwingine. Mzee Leonardi alikuwa amesimama kushoto kwangu, kofia mkononi. Aligeuka akanitazama. Alikuwa ananingojea, kaka. Alidhani mwalimu ataongeza neno, kwamba mzee huyu ni mwaminifu, tafuteni kwingine. Niliangalia chini.

Sasa unajua kwamba si Kifaransa. Nikishika chaki nitamwambiaje mtoto atoe jibu sahihi? Nilikuandikia upake krimu, nikajisema ni huruma kwa mzee. Haikuwa huruma. Nilitaka ukuta ule ufunikwe na jibu langu lifunikwe nao. Wewe uliiba rangi. Mimi niliiba jina la mtu, na jina halikai darini miaka mitano bila kuharibika.

Nenda Ryansoro kabla ya tarehe 8. Usingoje misa ipite, maana hapo utakuwa umemwibia na binti. Najua anaweza kusema hapana, na Eliud akakosa mke kwa ajili yetu. Nenda hivyo hivyo. Nenda na kifuniko.

Emiliana


Mutaho, 2 Agosti 2009

Mdogo wangu Emiliana,

Barua yako nilikaa nayo siku nne mfukoni. Wahenga walisema za mwizi ni arobaini. Zangu zimekuwa nyingi zaidi, na kila moja nimeihesabu.

Unataka kujua kwa nini? Nyumba ya baba, kabla hatujakimbia, ilikuwa na chumba kimoja kilichopakwa rangi. Wewe ulikuwa mgongoni, huwezi kukumbuka. Wageni walikuwa wanaingizwa humo tu. Uvumi wa kurudi ulipoanza nikawa najiona nafika Mutaho na mkeka, sufuria mbili, na watu wa mlimani wananitazama kama mzigo. Nikasema angalau nitakuwa na chumba cha rangi. Madebe niliyazika shambani, na siku ya malori niliyaweka katikati ya magunia ya maharage. Tulipovuka mpaka watu wote waliimba. Mimi nilikuwa nimekalia debe na ninaogopa litavuja.

Na sikuthubutu kuyafungua hata mara moja. Ukiiba kitu cha kuonekana, utakionyesha wapi?

Ijumaa nilikwenda. Nilimwambia Efrazia nafuata mchele wa harusi. Nilibeba chupa ya bia kwenye mfuko, kama desturi, maana huendi kukiri kwa mtu mikono mitupu. Kifuniko nilikitia ndani ya shati, kikawa kinanikwaruza njia nzima.

Leonardi alikuwa uani anapukuchua maharage. Alinikaribisha, "Karibu, bamwana," yaani mzazi mwenzangu wa hawa watoto, na alilitamka kwa furaha. Nikatoa kifuniko nikakiweka juu ya mkeka, kati ya maganda. Alikisoma polepole, herufi kwa herufi. Nikasema, "Mzee, ni mimi." Nilikuwa nimeandaa maneno mengi barabarani. Yaliyotoka ni hayo.

Aliendelea kupukuchua. Emiliana, ningependa angenipiga. Alimaliza lundo lote lililokuwa mbele yake, ndipo akauliza, "Funguo uliipataje?"

Nikamwambia nilikuibia. Kwamba ulikuwa umelala na homa, nikaichomoa msumarini, nikairudisha usijue. Usinigombeze. Ukoo mmoja mwizi mmoja anatosha, na mwizi ni mimi.

Kisha akauliza nimepaka rangi gani. Nikamwambia ukweli, nusu buluu nusu krimu. Akasema, na haya ndiyo maneno yake: "Nilikaa mlangoni siku kumi na moja. Mke wangu aliniletea uji palepale. Niliitiwa jina la rangi hiyo na watoto wadogo, na sijawahi kuiona ikiwa nje ya debe. Malizia buluu. Nitakuja kuiangalia."

Nikamuuliza kuhusu Eliud. Alisema, "Watoto hawakuiba kitu. Harusi ipo."

Lakini bia hakuifungua. Aliichukua, akaipangusa vumbi, akaiweka ndani ya nyumba. "Hii nitainywa kwako," alisema. Wewe ni Mrundi hata kama ulikulia mbali, unajua maana ya mtu kukuacha uondoke koo kavu na chupa ipo. Nilitembea hadi barabarani nikitazama vidole vya miguu yangu.

Efrazia na Eliud bado hawajui. Nimeshindwa.

Bonifasi


Buhinyuza, 12 Agosti 2009

Kaka Bonifasi,

Hamissi ameniambia misa ilipendeza na kwamba Vumilia ni mrefu kuliko Eliud kwa vidole viwili. Mungu awatunze.

Tarehe 29 sitakuja. Waambie goti linaniuma. Linauma kweli, lakini si kwa ajili hiyo. Nakutumia unga wa mtama ndoo moja.

Umenidanganyia uongo mzuri, na nimeusoma mara nyingi kuliko ninavyosoma sala. Homa sikuwa nayo, na msumari sikuwa nao. Nilitaka kukuandikia palepale kwamba rudi Ryansoro ukanyooshe maneno. Sikuandika. Siku tatu nililala vizuri, kaka, mara ya kwanza tangu kambini. Nilifurahi kwamba mtu amenisafisha. Halafu nikaona haya kwa furaha hiyo kuliko nilivyowahi kuona haya kwa kosa lenyewe.

Waambie mkeo na mwanao kabla wageni hawajafika. Mficha uchi hazai.

Emiliana


Mutaho, 31 Agosti 2009

Mdogo wangu,

Wageni wamekuja, wamekula, wamekwenda. Kaa chini usome.

Sikuwaambia Efrazia na Eliud. Kila jioni nilisema kesho. Hamissi alimaliza buluu mpaka ilipokomea. Kuta tatu zikatosha, ukuta wa nne ukabaki krimu, kwa kuwa lile debe jingine lilikuwa jiwe. Nami nikafanya ujanja wangu wa mwisho. Kiti cha heshima nilikiweka kikielekea ukuta wa krimu. Nilijiambia mzee ataona buluu kwa pembeni tu, akiingia na akitoka.

Walikuja watu arobaini hivi, vikapu vichwani, wanaimba tangu barabarani. Tukawapokea na hotuba, wakatoa hotuba, sebule ikajaa mpaka dirishani. Leonardi alivaa koti na kofia ile ile ya kambini. Nikamwonyesha kiti. Alikitazama kiti, akautazama ukuta wa krimu, akanitazama mimi. Kisha akakishika kiti kwa mikono miwili, akakigeuza, akakaa akielekea buluu, mgongo kwa watu wote.

Emiliana, ulishawahi kusikia watu arobaini wananyamaza? Mkwe anawapa mgongo wenyeji siku ya gutwikurura! Ndugu zake walidhani tumewatukana. Msemaji wetu alianza kukohoa. Efrazia alisimama na sinia la vikombe, akaninong'oneza, "Umemfanya nini mzee wa watu?" Na Leonardi hakugeuka. Aliutazama ukuta kuanzia juu hadi chini, taratibu, kama mtu anayesoma tangazo.

Hapo nilijua hatanisemea. Ameniachia mwenyewe.

Nikasimama. Nikasema rangi mnayoiona ni ya watoto wa shule ya kambini, niliiba mimi Bonifasi, na mzee huyu alifukuzwa kazi kwa ajili yangu, na jina mlilomwita mlipaswa kuniita mimi. Paskazia alishika mdomo. Vikombe vya Efrazia vilikuwa vinagongana juu ya sinia. Tangu siku ile ananipikia na hanisemeshi. Eliud alitoka nje. Alirudi baada ya muda, akasimama karibu na mkewe, upande wa mbali na mimi. Sina la kumlaumu.

Vumilia ndiye aliyepita katikati ya watu akapiga magoti mbele ya baba yake na vikombe viwili. Leonardi akatoa kwenye koti chupa yangu ile ile. Akaifungua, akajimiminia, akanywa nusu. Kikombe cha pili akakijaza, akakinyoosha nyuma ya bega lake bila kunitazama. Nilikipokea. Nikamwagia koti lake kidogo, akalipangusa kwa kiganja.

Halafu akasema kwa sauti watu wasikie: "Ni rangi nzuri. Darasa lingependeza."

Wakati wa kuondoka aliniuliza, "Yule dada yako mwalimu hakuja?" Nikasema goti linamsumbua. Akatikisa kichwa. Akasema: "Mpe pole. Nilimkasirikia miaka yote kwa sababu hakunitetea. Kumbe naye aliibiwa. Mwambie moyo wangu kwake ni safi, na anisamehe kwa kumwazia vibaya."

Sikumsahihisha. Nilikuwa nimesema ukweli mmoja mbele ya watu arobaini, nikaona unatosha kwa siku moja. Amekuomba wewe msamaha, Emiliana, nami nikaupokea kwa niaba yako nikauweka kwenye barua hii. Sijui utaufanya nini. Huko kwako hakuna dari.

Kaka yako,
Bonifasi


Buhinyuza, 9 Septemba 2009

Mzee Leonardi,

Shikamoo. Anayekuletea barua hii ni Hamissi, fundi aliyepaka ukuta uliouona. Nimemwomba apitilize hadi Ryansoro akukabidhi mkononi, kwa sababu barua zangu zikipitia kwa kaka yangu zitachelewa mfukoni mwake. Kama macho yanakusumbua, mwite yeyote akusomee kwa sauti, hata majirani wakiwepo.

Kaka yangu amenifikishia pole yako. Nairudisha, kwa sababu si yangu. Umeniomba nikusamehe kwa kuniwazia vibaya. Uliniwazia sawasawa.

Sikuwa na homa. Hakuna aliyeniibia funguo. Bonifasi aliniomba nami nikampa mkononi mwake, mvua ikinyesha, ili alaze baiskeli stoo. Ulikuwa umekwenda kujikinga kibandani kwa sababu mimi mwenyewe nilikuambia nenda, mzee, utalowa, nitaangalia mlango. Hilo pia sikulisema mbele ya kamati, na wewe hukulisema. Nimefikiri sana kwa nini hukulisema. Nadhani ulikuwa unaniachia nafasi nilitamke mwenyewe, kama ulivyomgeuzia kaka yangu kiti.

Jumapili baada ya misa nitakuwa Ryansoro. Nitasimama nje ya uzio. Ukiniita nitaingia, na usiponiita nitarudi, lakini nitakuwa nimefika. Chupa nitabeba. Usijilazimishe kuifungua.

Kabla ya hapo nina deni la jibu. Mwaka 2004, mbele ya wazazi wote, wewe ukiwa umesimama kushoto kwangu na kofia mkononi, mwenyekiti wa kamati aliniuliza: "Mwalimu, kuna mtu mwingine aliyeshika funguo?"

Yupo. Ni kaka yangu, na nilikuwa namwona.

Emiliana